Kwa nini pabu za kale za Uingereza zimepinda na bado zimesimama

Mwaka 1999 kule Manchester mafundi walichukua pabu nzima ya mbao iliyojengwa 1552, wakaifungua kipande kwa kipande, wakaihamisha kama mita 300 kuelekea upande wa kanisa kuu, wakaiunga tena, na watu wakarudi kunywa bia humo humo. Inaitwa Old Wellington Inn. Na hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kusogezwa, maana miaka ya 1970 wakati wanajenga maduka makubwa ya Arndale jengo hilo hilo lilinyanyuliwa likiwa zima karibu mita moja na nusu, likawekewa zege chini ili lilingane na usawa wa majengo mapya, afu Juni 1996 bomu la IRA, kundi lenye silaha la Ireland, likalipuka mtaa wa jirani, bomu kubwa la karibu kilo 1,500, vioo na matofali ya katikati ya mji yakapukutika, pabu ikaumia lakini ikabaki wima. Sasa mtu unajiuliza, nyumba ya miaka 447 inahamishwaje bila kuwa kifusi?

Jibu lake ndo ufunguo wa nyumba hizi zote, ukilishika hilo mengine yote yanafunguka yenyewe. Sisi tumezoea nyumba ambayo tofali linabeba tofali, yaani ukuta ndo unaobeba paa, ukiuvunja ukuta umeivunja nyumba. Hizi pabu za zamani hazibebwi na kuta. Zinabebwa na kiunzi, yaani nguzo na boriti za mwaloni, mti mgumu wa huko Ulaya, zilizochomekwa moja ndani ya nyingine, na ukuta unaouona katikati ni kitu cha kuziba upepo tu. Fikiria kitanda cha mbao siku ya kuhama. Fundi anakifungua, miguu huku, mbavu kule, vinapakiwa kwenye gari, kule mnakohamia vinaungwa tena na usiku unalala. Old Wellington ni kitanda cha ghorofa tatu.

Na hicho kinachojazwa katikati ya mbao, wengi wetu tunakijua vizuri kuliko Waingereza wenyewe wa leo. Ni fito na udongo. Kabisa. Kwenye boriti ya juu wanatoboa matundu madogo kwa keekee, kwenye boriti ya chini wanachimba mfereji, vijiti vya mwaloni vinasimamishwa humo, afu katikati yake wanasuka fito laini za miti yao ya huko, wanakandika pande zote mbili kwa udongo uliokanyagwa pamoja na majani makavu yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe. Ukikauka wanapaka chokaa. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya kukandika, Tanga au Kisii au popote, akionyeshwa ukuta wa pabu ya karne ya 16 uliobanduka lipu hahitaji kuelezwa chochote, anaona vidole vya mkandikaji vile vile. Mimi hili jambo linanigusa sana, kwa sababu tumefundishwa kuionea aibu nyumba ya fito kana kwamba ni dalili ya umaskini, wakati huko watu wanalipa fundi maalumu aje akandike upya kwa njia ile ile na serikali inailinda kwa sheria.

Tofauti kubwa iko kwenye kiunzi chenyewe, na hapo kazi ya maseremala wao lazima uiheshimu.

Kwanza mti. Walitumia mwaloni mbichi, uliokatwa karibuni, bado una maji. Wengi wanadhani mbao nzuri ya kujengea lazima ikaushwe miaka, lakini mwaloni ukikauka unakuwa mgumu kiasi kwamba patasi inagoma, kwa hiyo walikuwa wanauchonga ungali mbichi na wanauacha ukaukie ndani ya nyumba. Hii ina faida nyingine ambayo imekuja kuonekana zama zetu: wataalamu wa leo wanatoboa kijiti chembamba kutoka kwenye boriti, wanahesabu na kupima mistari ya ukuaji wa mti na kuilinganisha na rekodi ya miaka iliyopita, na kama mstari wa mwisho chini ya gome bado upo wanajua mti ulikatwa mwaka gani, wakati mwingine mpaka msimu. Na kwa kuwa walijenga na mti mbichi, mwaka wa kukata mti na mwaka wa kujenga vinakaribiana sana.

Pili, nyumba haikujengwa pale ilipo. Ilichongwa kwenye uwanja wa seremala. Kila upande wa nyumba ulilazwa chini, boriti juu ya boriti, kila kiungo kikachorwa na kukatwa kwa ajili ya mwenzake huyo huyo tu maana hakuna miti miwili inayofanana, afu kila kiungo kikapigwa alama. Alama zenyewe ni namba za Kirumi, kwa sababu ni mistari iliyonyooka na patasi inaweza kuzipiga haraka, na mara nyingi nne wanaandika mistari minne IIII, ili mtu akiisoma kutoka upande wa pili asije akaichanganya na sita. Baada ya hapo kila kitu kinafunguliwa, kinapandishwa kwenye mkokoteni mpaka kwenye kiwanja, na siku ya kusimamisha ni kutafuta tatu ikutane na tatu, saba na saba. Ukiingia pabu ya namna hii tafuta alama hizi kwenye maungio ya nguzo, mara nyingi bado zipo, zimekatwa kwa mkono wa mtu miaka 400 au 500 iliyopita.

Sasa hebu tusimame kwenye kichwa cha nguzo moja ya kona, tuinue macho, kwa sababu hapo ndo pana akili yote. Pale juu vitu vitatu vinakutana mahali pamoja: nguzo yenyewe, mtambaapanya unaolala juu kwa urefu wa ukuta, na boriti kubwa inayokatiza nyumba kutoka ukuta huu mpaka ule kuzuia paa lisizisukume kuta nje. Ukiangalia utaona nguzo ni nene juu kuliko chini, inaonekana imegeuzwa, na ni kweli imegeuzwa. Walikuwa wanausimamisha mti kichwa chini, upande wa shinani ambako shina limetanuka ndo unakaa juu, ili kupatikane nyama ya kutosha ya kuchonga ndimi mbili. Ulimi wa nje unaingia kwenye mtambaapanya, ulimi wa ndani unapanda zaidi mpaka kwenye boriti inayokatiza. Na boriti hiyo nayo imekalia mtambaapanya kwa mkato unaopanuka kuelekea mwisho, kwa hiyo hata ukiivuta haichomoki. Kila mmoja amemshika mwenzake, wote watatu. Hakuna msumari wa chuma hapo.

Kinachofunga ni kigingi cha mwaloni, na chenyewe kina ujanja wake. Tundu la kigingi kwenye ulimi halitobolewi sawasawa na la kwenye nguzo, linasogezwa milimita chache kuelekea begani kwa ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia, kwa hiyo kigingi kikipigwa nyundo kinalazimika kujipinda, na kikijipinda kinavuta ulimi ndani mpaka kiungo kinabana kabisa. Halafu mbao inakauka, inasinyaa, kiungo kinazidi kushika. Vigingi vingi waliviacha vichwa vimechomoza nje, hawakuvikata, ndo zile nundu nundu unazoziona kwenye mbao za mbele.

Hapo sasa tunaweza kulijibu lile swali ambalo kila mtu anauliza akiona picha: mbona zimepinda? Watu wanasema ni uzee, au msingi umetitia. Mara nyingine ni kweli msingi umetitia, mara nyingine mwenye nyumba fulani karne ya 18 alikata boriti apitishe mlango au ngazi na uzito ukahama. Lakini sehemu kubwa ya mpindo ilitokea mapema sana, miaka ya mwanzo mwanzo, wakati mwaloni mbichi ulipokuwa unakauka na kujisokota, ukutani mbao hii inavuta kushoto ile inavuta kulia. Nyumba ikafika mahali ikatulia. Kwa maana hiyo pabu nyingi zilipinda wakati aliyezijenga bado yu hai, na yeye wala hakushtuka, maana alijua mti wake. Kiunzi cha ndimi na vigingi kinakubali kucheza kidogo bila kuachia, tofauti na ukuta wa tofali ambao ukitembea kidogo tu unapasuka. Na kinachokizuia kisilale upande mmoja ni zile mbao za mshazari za kona, nyingine zimejikunja kama upinde, zinazotengeneza pembetatu kati ya nguzo na boriti.

Jambo la pili watu wanalishangaa ni ghorofa kuchomoza juu ya barabara, ya kwanza imetokeza kupita chini, ya pili imetokeza kupita ya kwanza, mpaka vichochoro vingine nyumba za pande mbili zinakaribia kugusana. Sababu ziko kadhaa na wasomi bado wanabishana ipi ilitangulia. Nafasi ni mojawapo, mjini kiwanja ni kidogo lakini hewani hakuna aliyekuwa anakudai kodi ya ardhi kwa kipimo kile kile. Uhandisi pia upo, boriti za sakafu zikichomoza nje ya ukuta na zikakandamizwa na uzito wa ukuta wa juu pale mwishoni, hazibonyei sana katikati ya chumba. Lakini kwa maoni yangu sababu kubwa ilikuwa kujionyesha, kwa sababu nyumba nyingi zinachomoza upande wa barabarani tu na nyuma zimenyooka, hata zile za kijijini ambako nafasi ipo tele. Kuna na kazi ngumu ya kona: nyumba ikichomoza pande mbili, boriti za sakafu lazima zigeuke njia, kwa hiyo wanaweka boriti moja nene ya mshazari kutoka katikati mpaka kwenye kona na boriti nyingine zote za pande mbili zinaegemea hapo. Nguzo inayoipokea chini mara nyingi imechongwa nakshi, maana ndo inayoonwa na kila mpita njia.

Utajiri ulionekana pia kwenye wingi wa mbao. Nguzo ndogo ndogo zilizobanana, pengo upana wa mbao yenyewe, hazikuwa na ulazima wowote wa kubeba, ni mtu anawaambia majirani kwamba mwaloni anao. Ukitaka kuona mwisho wa mambo haya nenda Ludlow karibu na mpaka wa Wales, kuna jengo linaitwa The Feathers, uso wake ni wa 1619, lilijengwa kwa mwanasheria anaitwa Rees Jones na likaja kuwa nyumba ya wageni baadaye karne hiyo hiyo, mbele yake mbao zimekatwa maumbo ya almasi na mapambo mpaka huoni wapi panabeba na wapi ni urembo.

Na ile rangi, mbao nyeusi tii na ukuta mweupe pee, ambayo dunia nzima inaijua kama sura ya Uingereza ya kale? Kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Kabla ya hapo mwaloni mara nyingi uliachwa bila rangi ukageuka kijivu wenyewe, au ilipakwa chokaa juu ya kila kitu, mbao na udongo kwa pamoja, nyeupe au yenye rangi ya udongo mwekundu au ya manjano. Lami ilipokuwa rahisi kupatikana watu wakaanza kuzipaka mbao nyeusi. Kwa hiyo mtu wa 1552 akirudi leo Manchester, jengo angelitambua lakini rangi ingemshangaza.

Nyingine ni hadithi ya meli. Pabu nyingi mwenyeji atakuambia boriti hizi zilitoka kwenye meli ya vita iliyovunjwa, na ushahidi anaokupa ni yale matundu matupu kwenye boriti ambayo hayana kazi. Mwaloni wa meli uliochongwa kwa ajili ya tumbo la meli umejikunja kote kote, ni shida kuugeuza nyumba, na pabu nyingi zenye hadithi hii ziko mbali na bahari, ambako kukokota mbao nzito kungekuwa ghali kuliko kukata mti jirani. Matundu matupu mara nyingi yanasimulia kitu kingine ambacho kwangu mimi kinapendeza zaidi: hapo palikuwa na ukuta ukaondolewa, au dirisha la nondo za mbao likazibwa, au boriti ilitoka nyumba nyingine ikatumika mara ya pili. Kama kitanda, kikiharibika mguu mbao nyingine zinafaa.

Mfano mzuri wa hilo uko St Albans, pabu inaitwa Ye Olde Fighting Cocks, ina pembe nane, na watu wamebishana miaka mingi kama ndo pabu ya kale kuliko zote nchini. Kiunzi chake kilikuwa banda la njiwa la abasia, yaani makao ya watawa. Abasia ilipofungwa 1539 kiunzi kikahamishiwa pale kilipo leo, na miaka mingi baadaye kikawa mahali pa kunywea. Jengo, mahali, na leseni ya kuuza bia kila kimoja kina umri wake, ndo maana mashindano ya pabu ya kale zaidi hayaishi.

Hili linatuleta kwenye swali la pabu yenyewe ni nini, kwa sababu majengo haya mengi hayakuzaliwa pabu. Old Wellington ilianza kando ya soko, 1554 sehemu yake ikanunuliwa na ukoo wa Byrom, ikawa duka la vitambaa chini na familia inaishi juu, ghorofa ya tatu ikaongezwa karne ya 17, na mwaka 1692 akazaliwa humo John Byrom, mshairi ambaye pia alibuni mfumo wake wa hati mkato. Leseni ya pombe ilikuja 1830, karibu miaka mia tatu baada ya nyumba kusimama. Zamani kulikuwa na madaraja: nyumba ya bia ilikuwa nyumba ya kawaida tu, mama anapika bia na kuuzia sebuleni, kama vilabu vyetu vya pombe za kienyeji. Kulikuwa na nyumba ya mvinyo, ya watu wenye hela. Na juu kabisa ilikuwa gesti ya wasafiri, yenye vyumba, chakula, na banda la farasi, na hii ndo mara nyingi iliyokuwa na jengo lililobuniwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo.

Umbo la gesti hizo linafuata farasi. Barabarani kuna lango la juu na pana linalopitisha gari, ndani kuna ua, kuzunguka ua kuna vyumba ghorofani, na vyumba vyote vinafunguka kwenye roshani ndefu ya mbao iliyo wazi upande wa uani, kwa hiyo mgeni hahitaji korido ndani, anapanda ngazi ya nje anapita roshani mpaka mlangoni kwake. Gesti yoyote ya bei nafuu ya mikoani ina umbo hilo hilo. New Inn ya Gloucester ni mfano uliobaki mzima kuliko mingine, ilijengwa karne ya 15 na mtawa anaitwa John Twyning kwa ajili ya abasia ya St Peter, kwa sababu mahujaji walikuwa wanamiminika kwenye kaburi la mfalme Edward II na abasia ilihitaji pa kuwalaza. London imebaki moja tu yenye roshani, The George, kule Southwark, ilijengwa upya 1677 baada ya moto wa mwaka uliotangulia, sehemu matofali na roshani zake mbao. Mahali ilipo pana sababu: kwa karne nyingi London Bridge ndo lilikuwa daraja pekee la kuingilia jijini kutokea kusini na usiku milango yake inafungwa, aliyechelewa analala huku, basi barabara nzima ikajaa gesti. Reli ikaja ikaua magari ya farasi, na kampuni ya reli iliyoitumia The George kama bohari ikabomoa pande mbili za ua, umebaki upande mmoja tu. Mwaka 1937 ukakabidhiwa kwa National Trust, taasisi ya kutunza majengo na maeneo ya kihistoria. Ukisimama uani pale unaona roshani moja inaangalia nafasi ambayo zamani zilikuwa roshani wenzake, na inauma.

Ndani, vitu vingi unavyodhani ni vya asili vilikuja baadaye. Nyumba za mwanzo zilikuwa na ukumbi ulio wazi mpaka kwenye makombamoyo ya paa, moto katikati ya sakafu, moshi unajitafutia njia, ndo maana mbao za paa la nyumba kama hizo ni nyeusi kwa masizi mpaka leo. Karne ya 16 watu wakajenga dohani za matofali, na moshi ulipopata njia yake wakaweka sakafu kuukata ukumbi juu na chini. Dari zile fupi unazogonga kichwa zimetokana na hilo, nafasi moja kugawanywa mbili, na pia sakafu ya chini kupandishwa tabaka juu ya tabaka, wala si kwamba watu wa kale walikuwa mbilikimo. Hata kaunta yenyewe, ile ya kuegemea, ni ya karne ya 19 kwa sehemu nyingi. Kabla ya hapo mhudumu alikuwa anateremka kwenye mapipa anakujazia jagi anakuletea ulipokaa, mpaka pampu za mkono za kuvuta bia kutoka chini zikaenea, ambazo Joseph Bramah alichukua hataza yake moja mwaka 1797.

Adui wa haya majengo ni maji, na baada ya maji ni saruji. Ndani ya miaka mia mbili hii iliyopita, na hasa karne ya 20, mafundi walikuwa wanabandua udongo wanaweka saruji wakiamini wanaimarisha. Mwaloni unapumua, mvua ikiingia kupitia ufa mdogo kati ya mbao na saruji haitoki tena, inakaa pale, mguu wa nguzo unaoza kimya kimya huku nje panaonekana pazuri. Udongo na chokaa vinanyonya unyevu na kuuachia jua likitoka. Chama cha kulinda majengo ya kale kilichoanzishwa 1877 na William Morris na wenzake kimekuwa kikipigania hili tangu hapo: usibadilishe nguzo nzima, kata pale palipooza tu, chonga kipande kipya cha mwaloni kikae na cha zamani kwa kiungo kirefu cha mshazari, piga vigingi, na usikipake rangi kukizeesha. Kwa hiyo kwenye pabu iliyotunzwa vizuri, ukiinama ukaangalia chini kabisa ya nguzo, pale inapokalia boriti ya chini juu ya msingi wa mawe, utakuta kipande cha rangi ya asali kimeungwa kwenye mguu wa kijivu, na kwenye kipande hicho vigingi vipya vimechomoza vichwa vile vile.